Ndugu Mmoja Aliyetoka Jeshini

Nilimwahidi kwamba hakuna jicho la binadamu litakalosoma majibu atakayoandika kwenye simu. Tulikuwa tumesimama mbele ya karakana ya useremala alikofanya kazi, hapa Butembo, mashariki ya Kongo, na vumbi la mbao lilikuwa limemjaa nyweleni hata akaonekana mzee kuliko miaka yake ishirini na minne. Nilitumia maneno hayo hayo, "jicho la binadamu", kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuoni karibuni na nilipenda maneno yenye uzito. Alifuta kiganja kwenye suruali, akanipa mkono.

"Bon," alisema. "Kama ni mashine tu, nitaiambia ukweli. Mashine haina shangazi."

Tulicheka wote wawili. Tulikuwa tumekaa dawati moja katika shule ya sekondari, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa njia. Kabla hatujamaliza, vita vilipokaribia mashamba ya wajomba zake, aliacha shule akaingia jeshini. Mimi nikaendelea hadi chuo kikuu kusomea saikolojia. Wakati mimi nilipokuwa nikisoma juu ya hofu katika vitabu vya kuazima, yeye alikuwa akilala katika majani kando ya barabara ya Mbau, akilinda magari yaendayo Oicha. Alirudi nyumbani na vipande vya chuma begani, karatasi ya kuruhusiwa kutoka jeshini, na mazoea ya kunywa ambayo yeye mwenyewe aliyaita dawa ya kikosi.

Kazi yangu ya kwanza baada ya masomo ilikuwa katika mradi mdogo uliojaribu kuwasaidia vijana kama yeye kwa njia ya mtandao. Hapakuwa na jambo kubwa ndani yake. Mara moja kwa juma kijana hufungua ukurasa kwenye simu, huulizwa maswali machache: siku ngapi umekunywa, glasi ngapi, saa ngapi ulianza, kitu gani kilifuata. Kisha ukurasa humwonyesha jinsi unywaji wake unavyolingana na wa vijana wenzake, humwuliza yeye mwenyewe angependa kubadili nini, humpa shauri moja au mawili, basi. Dakika kumi. Lililonivutia ni kwamba haukuhubiri. Kwetu ofisi ya mshauri ina mlango, na mlango una majirani. Askari kijana hataki kuonekana akiingia humo. Simu aweza kuificha mfukoni. Niliuamini mradi ule kama wengine wanavyoamini dawa waliyokwisha kuionja.

Yeye alikuwa na sababu yake ya kukubali, na hakunificha. Alikuwa amechumbia msichana mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu mahari ni mbuzi, na mbuzi wa kwanza walikuwa wamekwisha kupelekwa. Waliobaki wangetolewa karibu na siku ya ndoa. Upande wa msichana alikuwepo shangazi, dada wa baba yake, ambaye neno lake katika ndoa ile lilikuwa na uzito kuliko la wanaume wote waliokaa sebuleni. Shangazi huyo alikuwa ameuliza jambo moja tu: je, huyu askari bado anakunywa?

"Nikamujibu nimeacha," aliniambia. "Batu bote bakapiga makofi. Sasa, ndugu yangu, inafaa niache kweli. Mbele ya ndoa."

Kwa hiyo hakuwa akitafuta kuponywa kwa jumla, kama nilivyopenda kuandika katika ripoti zangu. Alikuwa akikimbizana na uongo wake mwenyewe ili uwe kweli kabla haujagunduliwa, na tuzo yake ilikuwa ni yule mwalimu.

Tatizo la kwanza lilikuwa simu. Yake ilikuwa ya vitufe, yenye tochi, isiyojua mtandao. Nikaamua kumwazima yangu kila Alhamisi wakati wa mapumziko ya mchana. Tatizo la pili lilikuwa glasi.

"Glasi gani?" aliuliza siku ile ya kwanza, tukiwa tumekaa nyuma ya karakana juu ya rundo la mbao mbichi. "Kasiksi hatunywake ku glasi. Inazungukaka mu kopo moja. Unakunywa, unapitisha, inarudi. Miye nahesabu namna gani?"

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na alisema kweli: walioandika maswali walikuwa wakifikiria mtu aliye peke yake na glasi yake. Tulichukua kopo la plastiki, tukalijaza maji, tukaanza kumimina katika glasi ya chai ili tujue kopo moja ni glasi ngapi, na funda moja la mwanajeshi ni sehemu gani ya kopo. Alikunywa maji yale kwa bidii, akipima kwa kidole. Bwana wake wa kazi akapita, akasimama.

"Munafungua buvette hapa, ya kuuzisha pombe?"

"Hapana, patron. Docta ananifundisha kunywa maji."

"Ni vizuri. Afundishe na bale bengine."

Alipojibu swali la mwisho, ukurasa ukamtokea na matokeo. Aliusoma polepole, midomo ikitikisika, kisha akanisogelea sikioni. "Tazama," alinong'ona, "inasema karibu vijana bote ba umri wangu bako nyuma yangu. Niko premier! Ku masomo sikuionaka hiyo nafasi hata siku moja." Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akausoma tena, na mara ya pili hakucheka.

Akanirudishia simu. Sikumfundisha kuufunga ukurasa. Maagizo ya mradi yalisema wazi kwamba tunapomwazima mtu simu yetu tumwonyeshe jinsi ya kufunga na kufuta, nasi tugeuke upande mwingine. Niligeuka upande mwingine, nilikuwa mwangalifu sana katika kugeuka. Kuhusu kufunga sikusema kitu. Jioni ile nilipotoa simu mfukoni, majibu yake yalikuwa mbele yangu. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Alhamisi iliyofuata niliungojea ukurasa ule kama mtu anayengojea barua, na nilikuwa na jina zuri la kuuita ungojeaji huo: ufuatiliaji.

Hivyo ndivyo nilivyojua habari za randa. Mwisho wa maswali palikuwa na nafasi ya kuandika chochote, na yeye, ambaye shuleni hakuweza kujaza nusu ya ukurasa, aliandika humo kwamba asubuhi hawezi kushika randa kabla ya kunywa. Mkono hutetemeka, mbao huharibika. Kichupa hukificha nyuma ya makopo ya vanishi, kwa kuwa harufu ya vanishi huifunika ile nyingine. Watu hudhani ni jeraha la bega. "Si bega," aliandika.

Na nilijua vilevile kwamba alikuwa akishinda. Hakuna aliyemshinikiza. Alikuwa amejichagulia shabaha moja, kutokunywa kabla ya adhuhuri, na juma la tatu siku alizoishika shabaha hiyo zilikuwa nyingi kuliko alizoikosa. Nilifurahi hata nikakosa mahali pa kuiweka furaha yangu. Nadhani hapo ndipo kosa lilipoanza, katika kutaka mahali pa kuiweka.

Nilikuwa mshiriki wa kikundi cha maombi cha kanisa letu, kilichokutana kila Jumatano saa kumi alasiri katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Yeye hakuwa akihudhuria. Desturi yetu ni kwamba kabla ya kuomba, kila mwenye mzigo husimama na kuutaja. Hatutaji jina. Tunasema "ndugu mmoja", "dada mmoja", "familia moja", na kiongozi huandika katika daftari, kisha sote tunapaza sauti kwa pamoja. Miaka ile orodha ilikuwa ndefu: dada mmoja aliyechukuliwa shambani upande wa Kalunguta, familia moja iliyofika kwa miguu bila chungu wala blanketi, madereva wa barabara ya Oicha. Tulikuwa tumekua tukiamini kwamba jambo lisilo na jina halijasemwa. Lakini mtaa wetu si mkubwa. Hakuna aliyewahi kutoka ukumbini bila kujua dada mmoja ni nani.

Jumatano ile mzee mmoja wa kanisa, mnunuzi wa kahawa, mtu wa mizaha, alinigeukia kabla hatujaanza.

"Mwana wetu, hii kazi yako ya telefone, ishaponesha nani? Miye naonaka tu batu banachezesha bidole."

Ukumbi ulicheka. Akaongeza, kwa upole, "Basoda bale ba jeshi banahitaji magoti ya maombi, hapana internet."

Niliona uso ukinichoma. Mtu mwenye shahada hapaswi kuchomwa na jambo dogo hivyo. Nikasimama, na haya ndiyo niliyoyasema, nayakumbuka yote: kwamba tumwombee ndugu mmoja aliyetoka jeshini, fundi wa mbao, ambaye asubuhi mkono humtetemeka hata asiweze kushika randa kabla ya kunywa, kwamba kwa juma la tatu sasa, kwa njia ya maswali ya simu, anapunguza, na kwamba anajiandaa kufunga ndoa. Hilo la ndoa halikuhitajiwa na mtu yeyote. Nililiweka kwa ajili ya uzuri wa hadithi.

Yule shangazi alikuwa ameketi benchi la pili. Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwamba nilisahau kuwa yeye ni mmoja wetu. Sikusahau. Nilimwona kabla sijafungua kinywa, kitambaa chake cha kijani kichwani, Biblia mapajani. Nilijiambia kwamba sitaji jina.

Tuliomba. Sauti yake niliitambua kati ya sauti zote, akimwomba Bwana atufungue macho. Tulipotoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, mwana wangu. Mungu amekutumia leo."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi. Ninaandika jambo hili ili lijulikane: nilifurahi njia nzima.

Kesho yake, Alhamisi, alikuja kuazima simu kama kawaida, akajibu maswali yake, akanirudishia. Hakujua lolote, nami sikuona kwamba palikuwa na jambo la kumwambia. Jumamosi, asubuhi yenye jua, niliona mbuzi wakipita mbele ya nyumba yetu. Vijana wawili wa ukoo wa msichana walikuwa wakiwaswaga katikati ya njia, bila haraka, kwa namna ambayo kila mtu aweze kuhesabu. Mbuzi wanaokwenda kuposa hupita kwa nyimbo. Hawa walipita bila sauti nyingine ila ya kwato zao, nao walikuwa wakielekea chini, upande wa nyumba ya mama yake.

Nilikwenda huko alasiri. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye mti wa parachichi, wakila maganda ya ndizi. Mama yake alinipa kiti.

"Karibu, mwana wangu. Unaona? Bameturudishia." Alinyoosha kidole kwa mbuzi kana kwamba ningeweza kutowaona. "Hata chumvi hapana kula. Balisimama tu, balisema, balienda."

Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi akitengeneza kamba. Hakuwa amelewa. Mikono yake ilitetemeka, lakini alikuwa akishinda mafundo moja baada ya jingine.

"Docta," alisema bila kuinua kichwa, "nikuulize. Mashine yako inasemaka?"

"Kusema vipi?"

"Shangazi alisema hapa, mu nyumba ya mama, mbele ya batu. Mukono. Asubuhi. Randa. Ile neno ya randa sikuambiaka mutu, hata mama."

"Hata miye sikujua," mama alisema. "Nilifikiri ni bega."

"Niliiandika tu mule mu telefone. Donc nauliza: ni mashine ilisema, ao ni mutu?"

Palikuwa na nafasi pale, ndefu ya kutosha kusema maneno mawili. Niliwatazama mbuzi. Mmoja alikuwa amejizungushia kamba mguuni, na nilimtazama huyo hasa, kana kwamba kumfungua ndilo lililonileta.

"Inawezekana kuna hitilafu kwenye mfumo," nilisema. "Nitauliza bureau ya mradi."

"Aah. Système." Alikaza fundo kwa meno. "Mu hii inchi kila kitu ni système."

Alifanya kile ambacho mtu mwema angefanya: aliwaonya wenzake. Aliwaambia vijana wote waliotoka jeshini aliowajua kwamba ile simu haitunzi siri. Mmoja mmoja waliacha kujibu. Mmoja wao alinitumia ujumbe mfupi: "Telefone yenu ni espion, inapelelezaka batu. Mutuache." Alikuwa kijana aliyewahi kuniambia mwenyewe kwamba ameanza kulala bila kunywa. Mkuu wangu wa kazi aliponiuliza sababu ya majibu kupungua, niliandika katika ripoti: matatizo ya mtandao. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuisingizia mashine mara mbili, na mashine ile, katika habari yote hii, ndiyo pekee iliyokuwa imetimiza ahadi.

Mwezi mmoja baadaye mama yake aliniambia kwamba ameondoka. Amekwenda upande wa Mabalako kupasua mbao, na siku za soko huja Beni kuziuza. Nilimwuliza kama anakunywa. Alinitazama kama ninavyostahili kutazamwa, ingawa hakujua sababu, akasema, "Weye ndiye unajuaka kuuliza hayo maneno."

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea. Nilimwandikia mkuu wa kazi ukweli, naye akaniondoa katika kazi ya kuzungumza na watu akaniweka kwenye kupanga karatasi, jambo lililokuwa haki. Kisha Jumatano nikasimama katika kikundi cha maombi nikasema kwamba nilitoa siri ya mtu, na mtu huyo amepoteza ndoa yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yao. Sikuwa nimejiandaa kwa huruma.

"Lakini haukutaja jina," alisema yule mzee wa kahawa, akishangaa kweli.

"Ni kweli, hakutaja," wengine wakasema.

Na shangazi akasema kutoka benchi la pili, "Ulituokolea mutoto wetu. Alitudanganya, yule. Usilie, mwana wangu."

Walinizunguka wakaniwekea mikono mabegani, wakaniombea amani. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Nilitoka humo nikiwa mchafu kuliko nilivyoingia.

Basi nikaenda Beni. Nilimkuta mahali wanaposhushia mbao, saa tatu asubuhi, akipanga mbao juu ya nyingine pamoja na wanaume wengine wawili. Alikuwa amekonda. Nilipomkaribia niliisikia harufu, na safari hii hapakuwa na vanishi ya kuifunika. Mkono wake haukutetemeka.

"Docta wa telefone!" alisema kwa sauti kubwa, hata wenzake wakageuka. "Umekuja kunipima? Leo nitakuwa tena premier."

Nilimwomba tusogee pembeni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: ukurasa niliouacha wazi, Alhamisi nilizosoma, Jumatano, benchi la pili, na ule uongo kando ya mbuzi. Nilisema haraka, kwa maneno madogo, kwa kuwa makubwa yote yalikuwa yamenikimbia. Alinisikiliza akikwangua utomvu kwenye kidole gumba.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku. Nilikuuliza, ukaangalia mbuzi. Mutu mwenye hana kosa anaangaliaka mutu."

"Kwa nini hukusema?"

"Kusema nini? Ilikuwa neno yako, hapana yangu. Nilikungojea. Ile juma nilimaliza siku ine sikunywa asubuhi. Nikasema, acha nimungojee, atakuja kesho. Ukakuja kesho? Ya tano sikuweza."

"Na wenzako uliowaambia ni mashine?"

"Nilibaambia vile ulisema weye. Ningebaambia ni weye, bangekupiga." Alicheka kidogo, cheko la zamani, la dawati letu. "Miye soda wa jeshi, lakini sikupendaka kuona mutu wa masomo anapigwa."

Nilimwuliza kama angependa kujaribu tena, kwa simu nyingine, na mtu mwingine. Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayekataa chakula kwa sababu amekwisha kula. Alisema yule mwalimu ameposwa na mtu wa Lubero, mtu mzuri, hanywi. Kisha mwenzake akamwita, lori lilikuwa likingoja, akarudi kwenye mbao zake. Nilibaki pale hadi lori lilipojaa. Hakugeuka, na sikuwa na haki ya kutaka ageuke.

Siandiki haya ili nisamehewe. Aliyekuwa na uwezo wa kunisamehe nilimkuta ana kazi. Lakini vijana wanaotoka jeshini wanaendelea kurudi katika mitaa yetu, na kuna watakaothubutu kumwambia mtu, au simu, kile ambacho hawajamwambia mama.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako unayesoma. Ukiwa katika mkutano wa maombi, na mtu mwenye nia njema akasimama na kuanza kueleza habari za ndugu mmoja, usimwache amalize. Mwambie aketi.